Mkono wa Dravecky na Mzigo wa Mkewe

Huenda wengi wetu hatujawahi kuutazama mchezo wa besiboli. Mmoja hurusha mpira kwa kasi, mwingine hujaribu kuupiga kwa rungu. Mmarekani Dave Dravecky alikuwa mrushaji, tena wa mkono wa kushoto. Alizaliwa mwaka 1956 mjini Youngstown, Ohio, akaingia ligi kuu mwaka 1982 na timu ya San Diego Padres, na mwaka 1987 akahamia San Francisco Giants. Mkono huo ndio uliomlisha yeye, mkewe Jan na watoto wao wawili.

Mwaka 1988 ulionekana uvimbe katika msuli wa bega hilo hilo. Uvimbe wa aina ile hausambai mwilini kama saratani nyingine, lakini ni mkaidi: ukikatwa, mara nyingi hurudi. Oktoba madaktari waliondoa nusu ya msuli na kuugandisha mfupa kwa baridi kali ili kuua mabaki. Sisi tunaouguza twajua kwamba mfupa uliotendewa hivyo hubaki dhaifu.

Hata hivyo, Agosti 10, 1989 Dravecky alirudi uwanjani, na Giants wakawafunga Cincinnati Reds 4–3. Watu walishangilia kwa machozi. Siku 5 baadaye, mjini Montreal, mfupa ulikatika akiwa anarusha, akaanguka chini. Oktoba ulivunjika tena, katikati ya shangwe za ushindi! Akastaafu mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 33. Juni 18, 1991 ulikatwa mkono wote pamoja na bega.

Habari hii husimuliwa sana kama habari ya mkono. Lakini nani aliyekuwa akiilea nyumba, akipokea simu na kusoma barua za watu? Jan aliendelea hivyo mpaka akashindwa. Moyo ulimwenda mbio, hofu ikamkaba ghafla, kisha ikaja huzuni nzito. Mumewe naye, mcha Mungu mwenye jina kubwa, alikuwa na hasira nyumbani. Wote wawili walihitaji washauri.

Wodini tunayaona hayo. Wageni huja na machungwa, humpa pole mgonjwa, wakaondoka. Mke aliyesimama pale haulizwi kama amelala usiku. Ukiona mama anayeuguza hali, halali kwa majuma, analia bila sababu, usimwambie amepungukiwa imani. Huo ni ugonjwa, na una tiba. Mpeleke kwa daktari, nawe ubaki na watoto.

Akina Dravecky walianzisha huduma huko Colorado ya kuwafariji wagonjwa wa saratani na waliokatwa viungo, pamoja na jamaa zao. Jan hakupona kwa siku moja. Kitabu alichoandika juu ya huzuni yake kilitoka mwaka 1996, miaka 5 baada ya mkono ule kukatwa.