Kitabu kilivyotuumbua nyumbani kwetu

Hebu nikuulize. Kitabu cha mwisho ulichosoma hadi mwisho bila kulazimishwa na mwalimu ni kipi? Usione haya. Mimi baada ya KCSE nilikaa karibu miaka mitatu bila kugusa riwaya. Simu ilikuwa inanitosha.

Nilichorudishia vitabuni ni stima. Kama unaishi Eastlands unaelewa: tokeni zinaisha saa mbili usiku, mathe anasema tungoje kesho, na simu imebaki asilimia sita. Basi usiku mmoja nikapekua kabatini, nikatoa Chozi la Heri, ile riwaya ya Assumpta Matei tuliyoikimbiza shuleni tukitafuta maudhui na wahusika. Safari hii sikutafuta maudhui. Nilisoma tu, kwa taa ndogo ya sola.

Nyumbani tuko watatu: mama, mimi na mtoto wa mamangu mdogo. Ana miaka 12 na sote tunamwita Dogo. Taa ni moja, kwa hivyo Dogo alilalamika kwamba nimeinyakua peke yangu. Nikamwambia, "Haya, kaa hapa nikusomee." Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Ukikumbuka kisa hicho, Dick na Mwaliko wanaibwa na kijakazi, halafu Umu, dada yao, anahangaika hadi anapopata wazazi wa kumlea. Dogo hakuwa na maswali mengi. Ila kila stima ikipotea, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuleta kitabu. Hata stima zikiwepo alikileta.

Tulipokimaliza, rafiki yangu aliniazima Peponi. Hiki ni Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 2021. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka wa 2022. Mhusika mkuu ni Yusuf, mvulana wa miaka 12. Babake anamkabidhi kwa tajiri mmoja, Aziz, ambaye Yusuf anamwita mjomba. Yusuf anapanda treni akidhani ni safari tu. Akifika pwani, Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemfungua macho: yule si mjomba wako, umeletwa hapa kwa sababu babako ana deni.

Nikafika hapo, Dogo akanikatiza.

"Kwa hivyo watu wote walijua isipokuwa yeye?"

Mama alikuwa anachambua sukuma wiki. Mikono ikasimama. Mimi nikajifanya natafuta nilipoishia.

Sasa acha nikueleze kwa nini. Miaka miwili iliyopita Dogo aliletwa kwetu na begi moja. Tulimwambia mamake amepata kazi katika hoteli moja Mombasa na atarudi akijipanga. Ukweli ni kwamba mama mdogo alikuwa ameenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tunyamaze. Dogo alikuwa amesikia kwenye runinga habari za wasichana wa Kenya wanaoteswa Ghuba, na mamake hakutaka mtoto awe halali usiku. Alipopiga simu, video haikuwashwa kamwe. Tulisingizia mtandao.

Hatukumuuza mtoto kwa deni, sawa. Lakini tulimpandisha treni bila kumwambia inaelekea wapi.

Dogo alipolala nilimwambia mama tumwambie. Alikaa kimya kitambo, kisha akanishangaza. Alianza kunisimulia Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, ambayo aliisoma akiwa sekondari. Jinsi Kongowea anavyofiwa na mamake huko Tanga akabaki mikononi mwa jamaa, na jinsi anavyofunga safari ndefu hadi Kitale kumtafuta babake. Miaka 22 nimeishi na huyu mama, na sikuwahi kujua ana riwaya nzima kichwani.

"Mimi ndiye hao jamaa sasa," akasema. "Sitaki akue aseme mama mkubwa alimdanganya."

Jumamosi baada ya chai akampigia dadake kwanza, wakakubaliana. Kisha akamketisha Dogo. Alizunguka mbuyu, akaanza na habari za kazi kuwa ngumu, mara karo, mara gharama ya maisha. Dogo akamhurumia.

"Mama mkubwa, najua. Nambari yake inaanza na 966. Mombasa hakuna nambari kama hiyo. Niligugo."

Mama akamuuliza amejua tangu lini. Tangu mwaka jana. Na mbona hakusema?

"Niliona hamtaki nijue."

Hapo ndipo nilipoumia. Sisi tulidhani tunamkinga yeye, kumbe yeye ndiye alikuwa anatukinga sisi. Mwaka mzima mtoto amebeba hofu yake peke yake, akisikiliza habari za Ghuba kwenye runinga huku anatuuliza eti Mombasa kuna joto kiasi gani.

Jioni hiyo video iliwashwa kwa mara ya kwanza. Mama mdogo alikuwa jikoni kwa mwajiri wake, amefunga kitambaa kichwani, analia na kucheka. Dogo hakulia. Alimuuliza huko ni saa ngapi. Akaambiwa ni saa tatu usiku. Akageukia saa ya ukutani, akatabasamu. Saa za Riyadh na za Nairobi ni zile zile.

Sikuambii kwamba riwaya itatatua shida za kwenu. Mama mdogo bado yuko mbali, mkataba wake haujaisha, na kuna usiku Dogo anaamka kuangalia kama ametuma ujumbe. Tofauti ni kwamba sasa akiamka, ananiamsha.

Ninachokuomba ni kidogo. Kitabu ulicho nacho, kisome kwa sauti siku moja nyumbani. Huna kitabu? Pita kwa wauza vitabu vya inama pale katikati ya jiji, au ingia maktaba ya Makadara au ya Kaloleni. Halafu muulize mzazi wako alisoma nini shuleni. Swali gumu la kwenu, lile ambalo hakuna anayethubutu kuliuliza, huenda mtu akaliuliza kwa kisingizio cha mhusika, kama alivyofanya Dogo.

Wiki jana nilipata Siku Njema kuukuu kwa bei ya kujadiliana, jalada limebandikwa selotepu. Siku hizi msomaji si mimi. Dogo anasoma, mama anamsahihisha kabla hajafika mwisho wa sentensi, na simu inarekodi. Kila Ijumaa tunamtumia mama mdogo sura moja.