Mzigo Uko Barabarani: Jinsi ya Kutumia AC na Kukagua Injini Kabla Hujaondoka

Leo hatuongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho". Leo ni gari. Wengi humu tunauza mtandaoni, lakini mzigo haupiti kwenye simu, unapita barabarani. Mteja akishalipa, jina lako liko mikononi mwa injini.

Mimi natoa dagaa na migebuka huku Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika, napeleka Mpanda mjini, na kutoka pale mzigo unapanda basi kwenda kwa wateja. Anayeijua njia hii anajua shughuli yake. Kiangazi ni vumbi, mvua zikianza Novemba ni matope. Halafu ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, Mpanda iko juu ya mita 1,000. Kwa hiyo gari linapokuwa na mzigo ndipo linapopanda. Likichemsha katikati ya pori, fundi yuko mbali na barafu inayeyuka. Haya ninayoandika yanahusu IST, Probox, Noah na gari lolote dogo unalofanyia biashara, uwe Katavi au kwingine.

SEHEMU YA KWANZA: VITUFE VYA AC

Magari yetu mengi yametoka Japani na maandishi yake hatuyasomi. Usijali, angalia michoro.

✅ Feni: inapuliza hewa tu, haipoozi.
✅ Kitufe cha A/C: kinawasha kompresa, ndiyo inayopooza hewa na kuikausha. Kompresa inazungushwa na injini, kwa hiyo inakula nguvu na mafuta.
✅ Buluu na nyekundu: baridi na joto. Joto linatoka kwenye maji ya moto ya injini. Kumbuka hili, tutalirudia.
✅ Mchoro wa gari lenye mshale unaozunguka ndani: hewa ya ndani inazungushwa, ya nje haiingii.
✅ Mchoro wa gari lenye mshale unaotoka nje: hewa mpya inaingia.
✅ Mchoro wa kioo na mishale ya kupanda: hewa inaelekezwa kioo cha mbele.

Sasa matumizi.

1. Gari limekaa juani. Usiingie na kuwasha AC madirisha yakiwa yamefungwa. Fungua vioo, washa AC, tembea dakika moja au mbili hewa ya moto itoke. Halafu funga vioo, weka hewa ya kuzunguka ndani. Litapoa haraka kuliko kuanza na joto lote ndani. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kama unashusha ndoo mbili tu. Ndani ya gari joto linapanda kwa dakika chache.

2. Vumbi. Ukiwa nyuma ya lori, weka hewa ya kuzunguka ndani. Lori likishapita, rudisha hewa ya nje. Usisafiri masaa na hewa ileile: watu wakiwa wengi ndani, hewa inachoka na dereva anaanza kusinzia.

3. Harufu ya samaki. Ukiweka hewa ya kuzunguka ndani, harufu nayo inazunguka. Fungua hewa ya nje. Kwenye Toyota nyingi kuna filta ya hewa ya ndani nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Ikijaa vumbi feni inakosa nguvu hata kama AC ni nzima. Itoe, ikung'ute au nunua nyingine. Wengine wanakimbilia kuongeza gesi kumbe tatizo ni filta.

4. Mvua na ukungu kwenye kioo. Watu wanafuta kwa kitambaa huku gari linatembea, hatari tupu. Elekeza hewa kioo cha mbele, weka hewa ya nje, washa A/C, peleka joto upande wa nyekundu. Ndiyo, A/C na joto kwa pamoja. A/C inakausha hewa, joto linafukuza ukungu.

5. Kilima na mzigo mzito. Zima A/C kabla ya kupanda, fungua vioo. Nguvu yote iende kwenye kupanda. Ukifika juu na geji ya joto imetulia, washa tena.

6. AC sio friji. Hii wauzaji wa samaki wabichi tuielewe vizuri. Hewa ya baridi inatoka kwenye dashibodi mbele, mzigo uko nyuma. Dereva anaweza kutetemeka huku samaki wanaharibika. Samaki mbichi anatakiwa kukaa karibu na nyuzi 0, na hiyo ni kazi ya barafu. Tumia boksi lenye mfuniko, barafu chini, katikati na juu, na tundu la kutolea maji. AC inasaidia tu barafu isiishe upesi.

7. Wenye haibridi kama Prius au Aqua: pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu la kuvutia hewa ya kupoza betri kubwa. Usilizibe kwa magunia.

8. Usilale ndani ya gari huku injini inawaka ili upate AC. Najua tunasubiri mitumbwi irudi alfajiri, na usiku tunalala kwenye gari. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ekzosi ikiwa imetoboka, au gari limeegeshwa kwenye kibanda au karibu na ukuta, gesi inaingia ndani taratibu na mtu hasikii kitu, anapitiwa na usingizi moja kwa moja. Zima injini, shusha vioo kidogo, tumia neti ya mbu. Kama unasikia kichwa kinauma na kichefuchefu gari likiwaka, toka nje mara moja.

SEHEMU YA PILI: CHINI YA BONETI

Kabla hujagusa kitu:

➡️ Fanya asubuhi, injini ikiwa ya baridi.
➡️ Gari liwe sehemu tambarare, breki ya mkono juu, funguo mfukoni. Feni ya rejeta ya umeme inaweza kuzunguka ghafla hata injini ikiwa imezimwa.
➡️ Dada zangu, mtandio na ncha za kanga zifungeni vizuri. Kaka zangu, mashati mapana na minyororo ya shingoni vivyo hivyo. Mkanda ukishika nguo hauachii.
➡️ Hakikisha kile chuma cha kushikilia boneti kimeingia kwenye tundu lake.
➡️ Kwenye haibridi, nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa. Umeme wake unaua.

Sasa ukaguzi. Ni dakika kumi tu.

OILI. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili iwe katikati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Kuzidisha nako ni kosa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Usisafiri, ita fundi.

MAJI YA REJETA. Angalia lile chupa la pembeni, maji yawe kati ya LOW na FULL. Sisi wa mwambaoni kuna kishawishi: ziwa lipo hapa, unachota dumu unamimina. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi na madini mengi. Yanaacha magaga ndani ya rejeta kama yale yanayoganda kwenye birika, na njia za maji zinaziba taratibu. Tumia kulanti. Ikiwa ni dharura porini, maji safi yoyote yatakufikisha mjini, ila ukifika mwambie fundi asafishe na kuweka kulanti. Na chupa ya kulanti ifiche: ina ladha tamu lakini ni sumu kwa watoto na mbwa.

MKANDA. Ukiwa na nyufa, umechanika pembeni, au unapiga kelele asubuhi, ubadilishe kabla ya safari. Mkanda ndio unaozungusha alteneta, na kwenye magari mengi ndio unaozungusha pampu ya maji pia. Ukikatika, chaji inakufa na injini inachemsha.

EYA KLINA. Kwa vumbi la huku ifungue mara nyingi kuliko inavyoandikwa kwenye kitabu. Ikung'ute, au puliza upepo kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa maji kama ni ya karatasi. Ikishakuwa nyeusi, nunua mpya. Injini isiyopumua inakosa nguvu.

BETRI. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, vaa glavu, usafishe kwa mswaki wa zamani na maji ya moto. Ukitoa nyaya, anza na hasi (−). Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Usivute sigara hapo, betri inatoa gesi inayolipuka. Ukiwa na kile kipimo cha umeme cha mafundi redio: betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6, na injini ikiwaka isome 13.8 hadi 14.5. Ikisoma chini ya hapo injini ikiwaka, alteneta haichaji vizuri.

MBELE YA REJETA. Pale mbele kuna kondensa ya AC, nyuma yake rejeta. Mbegu za majani, wadudu na vumbi vinajaa katikati. AC inapungua baridi na injini inapanda joto, kwa sababu moja ileile. Osha kwa maji ya kawaida ya mpira. Mashine ya presha ukiisogeza karibu inalaza mapezi yake. Na usipige maji kwenye alteneta wala boksi la fyuzi.

IKICHEMSHA NJIANI

Geji ikianza kupanda:

1. Zima A/C.
2. Weka joto mpaka mwisho wa nyekundu, feni mpaka mwisho, fungua vioo. Utaungua jasho, lakini unaitoa injini joto. Ndiyo maana nilisema ukumbuke joto linatoka kwenye maji ya injini.
3. Egesha sehemu salama, zima injini.
4. Subiri. Nusu saa ni kidogo, saa nzima ni bora.
5. Usifungue kofia ya rejeta ikiwa ya moto!

Namba 5 naifafanua. Ndani ya rejeta maji yamebanwa na presha, kwa hiyo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kofia, presha inatoka na maji yanachemka ghafla, yanakurukia na mvuke wake usoni na kifuani. Hakuna oda ya samaki inayolingana na uso wako. Subiri mpaka uweze kushika bomba la juu la rejeta bila kuungua. Halafu weka kitambaa kizito, geuza uso pembeni, legeza kofia taratibu. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Dalili moja ya kujua: umeweka joto mpaka mwisho lakini inatoka hewa ya baridi huku geji iko juu. Hapo maji yameisha. Zima injini papo hapo, usisogee hata mita mia.

VYA FUNDI, SIO VYA KWAKO

Gesi ya AC, kompresa, gasketi ya silinda hedi na umeme wa haibridi muachie fundi. Gesi ya AC ikitoka inagandisha ngozi na macho. Na ukiambiwa "ongeza gesi" kila mwezi, kuna sehemu inavuja. Mwambie atafute tundu kwanza. Ila maji safi yanayodondoka chini upande wa abiria ukiwa umewasha AC ni kawaida. Maji yenye rangi ya kijani au nyekundu ndiyo tatizo.

MWISHO, UPANDE WA BIASHARA

Weka kila wiki pesa kidogo ya gari, uihesabu kama gharama ya mzigo, sio pesa ya dharura. Kwenye gari liwepo dumu la maji safi, lita moja ya oili, mkanda wa akiba, glavu na tochi. Na njia ikiharibika, mpigie mteja kabla hajakupigia. Mteja anasamehe kuchelewa, hasamehi ukimya.

Hifadhi post hii, mtumie na dereva anayekubebea mzigo. Kama una swali kuhusu gari lako, andika aina yake na dalili unayoiona hapo chini, tusaidiane. Safari njema, na mzigo ufike.