Binti wa Fundi Matangi

Watoto, huyu Ida Tarbell mnayeniuliza habari zake alianza uchunguzi mapema mno. Shule hajaanza, tayari ameshaona kwamba vitu vingine ukivitupa kijitoni vinaelea na vingine vinazama. Akajiuliza: na mtoto mdogo, je? Nyumbani alikuwapo mdogo wake, William. Akamchukua mpaka kwenye kidaraja cha miguu, akamdondosha majini. Bahati nzuri siku hizo watoto wadogo wa kiume walivishwa gauni. Gauni likatanda juu ya maji, likamshikilia, naye akapiga yowe mpaka kibarua aliyekuwa jirani akaja kumwopoa. Ida alikuja kukisimulia kisa hiki mwenyewe uzeeni, na alichokikumbuka zaidi ni ile raha ya kupata jibu. Nyinyi msijaribu.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1857 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wakati huo wenye uwezo waliwasha taa kwa mafuta ya nyangumi, na wengine mishumaa. Mafuta ya ardhini yalijulikana, yalionekana yakielea juu ya vijito, ila hakuna aliyejua jinsi ya kuyapata kwa wingi. Ndipo mwaka 1859, karibu na mji wa Titusville, bwana mmoja aitwaye Edwin Drake akaanza kuchimba kisima. Kila akichimba, kuta zinabomoka na maji yanajaa shimoni. Akapata wazo: akapigilia bomba la chuma ardhini mpaka likagota kwenye mwamba, kisha akapitisha kekee ndani ya bomba hilo. Watu walimcheka. Mwishoni mwa Agosti, kina kikiwa futi 70 hivi, mafuta yakaonekana.

Watu wakamiminika kama kumbikumbi. Sasa tatizo likawa jingine: mafuta yanatoka, yatawekwa wapi? Mapipa hayakutosha. Franklin Tarbell, baba yake Ida, alikuwa na ufundi wa seremala. Akaunda matangi makubwa ya mbao, na oda zikamfuata mpaka akahamisha familia kwenda kuishi katikati ya visima. Kwa hiyo binti huyu hakusoma ujasiriamali kitabuni. Aliukuta uani kwao, unanuka mafuta na randa za mbao.

Aliuona pia ukianguka. Mji wa Pithole, uliochipuka mwaka 1865 mafuta yalipopatikana, baada ya muda mfupi ulibaki mahame. Hoteli kubwa ya mji huo, Bonta House, Franklin aliinunua kwa dola 600, akaibomoa, akabeba mbao, milango na madirisha hadi Titusville, akajenga nyumba. Ida alikulia ndani ya vipande vya hoteli iliyofilisika.

Kisha ukaja mwaka 1872, na hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo penye kiini. Kusafirisha pipa moja la mafuta ghafi kwa reli kutoka visimani hadi viwanda vya kusafishia mafuta vya mji wa Cleveland kulipangwa kugharimu senti 80. Lakini kulikuwa na mkataba wa siri kati ya kampuni za reli na wenye viwanda wachache, John D. Rockefeller akiwamo. Hao wangelipa senti 40 tu. Tena, kila mshindani wao akilipa senti 80, reli ingechukua senti 40 katika hizo na kuwapa wao. Yaani unamlipa mpinzani wako kwa mzigo wako mwenyewe! Siri ilipovuja, wachimbaji wakaja juu, Franklin akiwa miongoni mwao, na mpango ukafutwa kabla haujasafirisha hata pipa moja. Lakini katika majuma hayo machache Rockefeller alikuwa ameshanunua karibu viwanda vyote vya Cleveland. Baba aliyekuwa akirudi jioni na visa vya kuchekesha akawa anarudi kimya. Ida alikuwa na miaka 14.

Yeye alitaka kuwa mwanasayansi. Alidunduliza akanunua hadubini, akaingia chuo cha Allegheny akiwa msichana pekee darasani mwake, kisha akafundisha miaka miwili. Uandishi aliuingia karibu kwa bahati, kwenye jarida la The Chautauquan. Huko mwaka 1887 aliandika kuhusu wanawake wavumbuzi. Ilikuwa imesemwa kwamba wanawake wa Marekani wamepata hataza 334 tu, yaani vyeti vya serikali vinavyomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake. Ida hakubishana na mtu. Alikwenda Washington, ofisi ya hataza yenyewe, akauliza orodha. Zilikuwa karibu 2,000. Mimi makala hiyo naipenda kuliko maandiko yake mengi ya baadaye, ingawa ni fupi na wachache wanaikumbuka.

Mwaka 1891 akaenda Paris, akaishi kwa kuuza makala, akamhoji hata mwanasayansi Louis Pasteur. Siku moja mhariri kutoka New York, S. S. McClure, akapanda ngazi za nyumba yake akisema ana dakika kumi tu. Akakaa saa kadhaa, na akaondoka amemkopa dola 40. Deni alilipa, na kazi akampa.

Jarida la McClure's ndilo lililochapisha kazi iliyompa jina: historia ya Standard Oil, kampuni ya Rockefeller, sehemu 19 kuanzia Novemba 1902. Baba yake alimsihi aache, akihofu jarida litaangamizwa. Yeye akaanza na kumbukumbu za mahakama na za kamati za Bunge, kurasa kwa maelfu, ambazo hakuna aliyekuwa na subira ya kuzisoma. Rockefeller mwenyewe hakukubali kuhojiwa. Aliyekubali ni Henry Rogers, mmoja wa wakubwa wa kampuni, kwa kuunganishwa na mwandishi Mark Twain. Kumbe Rogers alipokuwa kijana alikuwa jirani yao kule visimani! Mazungumzo yakaendelea kwa muda mrefu, kwa heshima, huku Ida akipitishwa milango tofauti ili asionane na wageni wengine.

Yalikatika kwa sababu ya mtoto mmoja wa ofisini. Huyu kijana kazi yake ilikuwa kuchoma karatasi kuukuu za Standard Oil. Usiku mmoja akaona jina analolijua: mwalimu wake wa dini wa Jumapili, aliyekuwa na kiwanda kidogo cha mafuta. Akazisoma. Zilionyesha mzigo wa mwalimu siku kwa siku: mapipa mangapi, yanaelekea wapi, kwa mnunuzi gani. Watu wa reli walikuwa wakipeleka taarifa hizo kwa mshindani wake, naye anawahi kwa mnunuzi na bei ya chini. Kijana akazichukua karatasi, mwalimu akamfikishia Ida, Ida akazichapisha. Rogers hakutaka kumwona tena.

Hata hivyo hakuandika tusi tupu. Sura nzima ya kitabu chake, kilichotoka 1904, inaeleza ukubwa wa halali wa Standard Oil: walivyobana matumizi, walivyojitengenezea mapipa wenyewe, walivyokataa kupoteza hata tone. Alichowanyima sifa ni ile nauli ya hila.

Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo ivunjwe, zikatoka 34. Esso na Mobil, ambazo babu zenu walijaza mafuta kwenye sheli zake hapa Afrika Mashariki, ni watoto wa mvunjiko huo. Cha kuchekesha ni kwamba hisa za kampuni hizo zilipanda bei na Rockefeller akazidi kutajirika.

Ida naye aliwashangaza wengi. Alizunguka viwandani, mwaka 1916 akatoa kitabu kuhusu waajiri wanaotunza wafanyakazi wao, na mwaka 1925 akaandika maisha ya Elbert Gary, mkuu wa kampuni ya chuma ya U.S. Steel, kwa sifa nyingi. Waliomshangilia zamani wakanuna, na nadhani walikuwa na haki kidogo: Gary alimpamba mno. Lakini hakuomba radhi, wala hakuacha kuandika, hata mikono ilipoanza kutetemeka kwa maradhi. Kitabu cha maisha yake mwenyewe kilitoka 1939, akiwa na miaka 81. Alifariki Januari 1944.