Gari Jeusi Lililofifia: Tuchague Dawa Gani?



Katika mashamba ya chai na ya miwa, na katika viwanda vingi, wako wenzetu ambao kazi yao ni kutunza magari: madereva, mataniboi, waosha magari na mafundi wa karakana. Mara nyingi huambiwa kwa ghafla: "Lile gari jeusi lililo nyuma ya ghala ling'ae kabla ya Jumatatu, wageni wanakuja." Maelezo hawapewi. Hupewa fedha kidogo tu, wakaenda dukani, na huko hukuta makopo mengi ambayo kila moja ladai kuwa ndilo dawa yenyewe.

Tawi letu moja lilipata kesi ya namna hii. Ndugu dereva alinunua dawa kali kuliko zote, akiamini kwamba ukali ndio ubora. Akaazima mashine ya kusugulia, akafanya kazi saa sita mchana juani. Kufika jioni kingo za boneti zilikuwa zimeliwa mpaka praima ikaonekana. Mwajiri akataka gharama ya kupaka rangi upya ikatwe kwenye mshahara wa ndugu huyo kwa miezi kadhaa. Kwa sababu ya kesi hiyo tumeona yafaa tueleze jambo hili tangu mwanzo, ili mwingine asiingie katika shimo lile lile.

KWA NINI RANGI NYEUSI HUFIFIA

Rangi ya gari ni chembe za rangi zilizoshikwa pamoja na utomvu mgumu. Jua kali na hewa huuvunja utomvu ule polepole. Uso wa rangi, ambao mwanzoni ulikuwa laini kama kioo, hugeuka kuwa na vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Uso laini huurudisha mwanga upande mmoja, nasi tukaona weusi unaong'aa. Uso wenye vishimo huutawanya mwanga kila upande, nasi tukaona kijivu. Weusi wenyewe mara nyingi bado upo chini yake.

Tena rangi nyeusi haifichi kitu. Mkwaruzo ambao katika gari jeupe hauonekani, katika gari jeusi huonekana mbali. Vumbi jekundu la barabara zetu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi. Anayelifuta gari kavu kwa kipande cha gunia au sare kuukuu analipiga msasa bila kujua.

KWANZA TUJUE AINA YA RANGI

Magari mengi ya zamani yana rangi ya tabaka moja. Tangu miaka ya 1980 magari mengi hupakwa rangi, kisha juu yake tabaka lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Njia ya kutambua ni rahisi. Twaa kitambaa cheupe na polishi laini kidogo, sugua mahali padogo pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka cheusi, rangi ni ya tabaka moja, na weusi ule ni ile rangi iliyokufa inayoondoka. Kitambaa kisipopata weusi, basi juu kuna klia. Lakini ikiwa ni gari la klia na katikati ya kazi weusi unaanza kutoka, acha mara moja: klia imekwisha mahali hapo.

Klia ni nyembamba sana. Kwa kawaida unene wake hauzidi sana mikroni 50, na mikroni 1,000 ndizo hufanya milimita moja. Yaani mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Kila unaposugua, unapunguza akiba ambayo haitarudi. Na pale ambapo klia imekwisha kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, hapana polishi duniani itakayoponya. Dawa yake ni kupaka upya, na heri mwajiri aambiwe hivyo kabla kopo halijafunguliwa.

DAWA NI ZA NAMNA TATU

Makopo ya dukani yana majina mengi, lakini kazi zake ni tatu tu.

La kwanza ni kampaundi, yaani dawa ya kukata. Ndani yake mna chembe ngumu kama za msasa. Huondoa rangi iliyokufa na mikwaruzo, na yenyewe huacha alama zake. Ziko kali na ziko za wastani.

La pili ni polishi laini. Nayo hukata, lakini kidogo sana. Kazi yake ni kufuta alama za kampaundi na kurudisha ule uso wa kioo. Katika gari jeusi hatua hii hairukwi, kwa maana alama za kampaundi huonekana juani kama utando wa buibui.

La tatu ni nta. Nta haikati wala haiponyi. Hulinda kazi iliyokwisha kufanywa, na baada ya wiki au miezi hupakwa tena.

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Ziko polishi na nta nyeusi zenye mafuta ya kujaza vishimo. Ukipaka, gari lang'aa papo hapo, kama vile jiwe lenye vumbi linavyokolea likimwagiwa maji. Mvua mbili tatu zikipita, kijivu kimerudi. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukitaka kujua ukweli wa kazi yako, changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, futa mahali padogo. Weusi ukibaki, umeponya. Ukiondoka, ulikuwa umeficha tu.

Visitumike kabisa: dawa ya meno, dawa ya kung'arisha shaba, mafuta ya breki, wala mafuta ya taa. Mafuta ya breki huila rangi, na hayo mengine hayakutengenezwa kwa kazi hii.

UTARATIBU WA KAZI

Osha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sifongo, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti vilowanishwe kwanza, visikwanguliwe. Likikauka, pitisha kiganja juu ya boneti. Ukisikia ukwaruufu, kuna uchafu ulioganda. Uondoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiuteleza kwa maji ya sabuni.

Kisha chagua mahali pa kujaribia, kama sentimita 40 kwa 40. Anza na polishi laini kwa sifongo laini. Ikitosha, umeokoa rangi na fedha. Isipotosha, panda kwenye kampaundi ya wastani. Kali iwe ya mwisho. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni wa kina. Usijaribu kuumaliza, maana utafika praima kabla ya kuufikia mwisho wake.

Kazi ifanyike kivulini na bati likiwa baridi. Kingo zote na mikunjo ya bati zifunikwe kwa tepu ya karatasi, kwani huko ndiko rangi huwa nyembamba. Anayetumia mashine asiisimamishe mahali pamoja hata kidogo, kwa kuwa joto huunguza rangi. Asiyeizoea, heri atumie mkono. Mkono huchelewa, lakini si rahisi uharibu boneti nzima.

AFYA YETU KWANZA

Dawa nyingi hizi zina mafuta makali yanayoingia kwa pumzi na kwa ngozi. Tufanye kazi penye hewa, tuvae glavu, na tusinawe mikono kwa petroli wala tina. Kupiga msasa mkavu ni hatari zaidi: rangi za magari ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo, na watoto ndio hudhurika upesi zaidi. Basi msasa uwe wa maji, na nguo za kazi zisioshwe pamoja na za watoto nyumbani.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 170 wa mwaka 1990 unasema wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kujua kemikali anayotumia ina nini na ina hatari gani. Kwa hiyo kopo lisilo na maelezo lirudishwe stoo. Kuuliza si ukaidi.

Tusiwasahau pia wenzetu wa mbali. Nta bora ya magari hutoka katika majani ya mkarnauba, mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Vibarua hukata majani yale kwa visu vilivyofungwa kwenye miti mirefu, huyaanika juani, kisha huyapiga ili unga wa nta utoke. Wakaguzi wa kazi wa nchi hiyo wamewahi kuwakuta baadhi ya vibarua hao wakiishi bila maji safi wala choo. Nasi tunaokata miwa na kuchuma chai twaielewa hali hiyo bila kuhitaji mkalimani.

KESI ILIISHAJE

Kamati ya tawi ilikwenda kwa mwajiri na maswali matatu. Nani aliamuru kazi hii ifanywe kwa siku moja? Nani alimfundisha dereva kuisimamia mashine ile? Na je, sheria inaruhusu makato haya? Mkataba Na. 95 wa mwaka 1949 unasema mshahara hukatwa kwa masharti na kiasi kinachoruhusiwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi tu, si kwa hasira ya mtu. Baada ya mazungumzo, makato yalifutwa, na karakana ikakubali kumpeleka ndugu yetu akajifunze kazi kwa fundi wa rangi.

Ushauri wetu, basi, ni huu. Ukipewa kazi ya namna hii, jaribu sehemu ndogo kwanza na umwite msimamizi aione. Umweleze ni dawa gani yahitajika na kazi itachukua siku ngapi. Akikulazimisha kutumia dawa usiyoiamini, omba agizo kwa maandishi, na umjulishe mwakilishi wa tawi siku hiyo hiyo, kabla ya boneti kuharibika.