Siku ya Kuvua Njuga

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba, shule za sekondari za Iringa hufanya mahafali. Wageni wanaoalikwa kutoka mbali huondoka na maelezo yale yale: watoto wa huku wanalia sana, ngoma zilikuwa nyingi mno, ratiba ikachelewa, chakula kikapoa. Nimeyasikia hayo ndani ya mabasi na kwenye misiba, nikayasikia hata kwa walimu waliopangiwa vituo huku juzi tu. Yananichoma, kwa sababu wanaoyasema wamekaa mchana kutwa mbele ya jambo kubwa wasilione.

Jambo lenyewe ni onesho la mwisho la kikundi. Kikundi cha ngoma au cha maigizo cha shule kina umri wa miaka minne, basi. Mtoto anaingia kidato cha kwanza hajui hata kufunga njuga. Anawekwa nyuma, anapiga makofi na kuitikia. Kidato cha pili anaruhusiwa kushika ngoma ndogo. Cha tatu anaingia mstarini. Cha nne anaongoza: yeye ndiye anayeanzisha wimbo, yeye ndiye anayewageuza wenzake kwa filimbi. Halafu inakuja siku moja anacheza mbele ya wazazi wake, na siku hiyo hiyo nafasi yake lazima iwe na mwenyewe mwingine kabla jua halijazama. Ikishindikana, Januari shule inafunguliwa haina kikundi. Zana zitakuwa stoo, daftari la nyimbo litakuwapo, lakini nyimbo hazikai daftarini.

Katika shule niliyosoma, upande wa Mufindi, makabidhiano yalikuwa na utaratibu wake, nami nataka kuueleza pole pole maana sijauona umeandikwa popote. Njuga zetu zilikuwa vikengele vya chuma vilivyofungwa kwenye vipande vya mpira wa tairi. Chini yake unazungusha kitambaa, la sivyo mguu unachubuka kabla ya wimbo wa pili. Wimbo wa mwisho ukiisha, wa kidato cha nne hawakutoka uwanjani. Waliketi chini pale pale kwenye vumbi, miguu wameinyoosha mbele. Wa kidato cha tatu walikuja kutoka upande wa bwalo, kila mmoja akapiga magoti mbele ya wake, akamfungua. Ilikuwa mwiko kujifungua mwenyewe. Kitambaa kilitoka kimelowa jasho, na juu ya kifundo cha mguu ulibaki mkanda mwembamba uliopauka, ngozi imejikunja kwa kubanwa. Yule mdogo alizifunga njuga zile zile miguuni mwake, zikiwa bado na joto la mwenzake, akasimama, wakazunguka uwanja mara moja wakiimba wimbo ambao kaka na dada zao walikuwa wameumaliza. Wakubwa waliitikia wakiwa wamekaa. Hapo ndipo watu walipolia, na hapo ndipo akina mama waliposhuka kutoka kwenye viti na khanga zao kwenda kuwatunza watoto, wa kwao na wa wenzao. Anayeona hapo ni kilio cha watoto wanaoogopa mtihani, sijui alikuwa anaangalia wapi.

Igizo nalo lilikuwa na namna yake. Uhehe, nchi hii ya Wahehe, hakuna igizo linalochezwa kwa moyo kama la Mkwawa, mtawala wetu aliyepigana na Wajerumani. Mwandishi Mulokozi alimwandikia tamthilia, *Mukwava wa Uhehe*, iliyotoka 1979, lakini shule nyingi zimekuwa zikitunga la kwao kutokana na masimulizi ya wazee, na kati ya onesho na onesho huwekwa nyimbo za Kihehe, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ni igizo la kuimbwa. Linaanza Lugalo, Agosti 17, 1891, siku Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani na kamanda wake Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Anayeigiza Nyundo hupakwa unga wa mahindi usoni. Halafu ni Kalenga, 1894, ngome ya Mkwawa inapigwa mizinga. Sisi moshi tuliufanya kwa kurusha majivu ya jikoni kwa ungo, na wahusika wote walimaliza onesho hilo wakiwa na mvi. Halafu miaka ya porini, Mkwawa anawindwa na watu wake wanamficha na kumlisha. Halafu Mlambalasi, 1898, anajipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai.

Igizo haliishii hapo, na hili wageni hulisahau. Kichwa kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, na bado ilichukua hadi 1954 kabla Gavana Twining hajakileta Kalenga, ambako kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho. Jukwaani fuvu lilikuwa kibuyu kilichofungwa kitambaa cheupe. Kilipita mikononi mwa kikundi chote, mmoja mmoja, kikaishia kwa kijana aliyekuwa amelala chini kama Mkwawa. Aliinuka, akakipokea, akavua mgolole wake mweusi na kumvika kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa ameteuliwa kuwa Mkwawa wa mwaka unaofuata. Mimi niliimba katika kundi la wanawake wa Kalenga. Tulikuwa tukimwombolezea mfalme na kumuaga mwenzetu kwa wimbo mmoja, na hakuna aliyehitaji kutueleza kwamba mambo hayo mawili yanafaa kukaa pamoja.

Miaka ya karibuni nilialikwa kwenye mahafali ya shule nyingine. Kijana alipoanguka Mlambalasi, mgeni rasmi alichukua kipaza sauti na kusema, basi ndiyo maana Wahehe wanajinyonga. Meza kuu ilicheka. Utani wa makabila ninaufahamu. Nimelelewa ndani yake, na mtani wangu ana haki ya kunisema hata msibani. Lakini utani una wenyewe. Yule bwana hakuwa mtani wetu, alikuwa mgeni mwenye cheo mbele ya watoto wa miaka kumi na saba, na bila shaka uwanjani pale walikuwamo waliozika ndugu kwa njia hiyo. Mkwawa alikuwa amepigana miaka saba. Alikuwa amenyang'anywa ngome, mifugo na watu, na alikuwa na bunduki moja ya kuamua kama Wajerumani watamtembeza na kumwonesha au hawatamwonesha. Mtu anayelisoma tendo hilo kama tabia ya kabila kukasirika ovyo hajaisoma historia ya nchi yake. Kijana aliyekuwa amelala chini aliyasikia yote, akabaki amelala hadi wimbo ulipoisha, akainuka akakipokea kibuyu kama ilivyopangwa. Namheshimu mtoto yule kuliko meza ile nzima.

Wapo wanaosema desturi hizi za shuleni si mila za kweli, ni maigizo ya walimu, kwamba mila ni za kijijini na shule ni ya Mzungu. Nawajibu kwa Malangali. Shule ile, ambayo leo iko wilayani Mufindi, ilifunguliwa 1928 chini ya mwalimu Mwingereza, W. Bryant Mumford, aliyeamua kuijenga juu ya mila za Wahehe, Wabena na Wasangu. Wazee waliletwa shuleni kufundisha desturi na historia. Wavulana walicheza ngoma za kwao na kurusha mikuki kama sehemu ya masomo, wakati misheni nyingi zilikuwa zikizipiga vita ngoma hizo hizo kama mambo ya kishenzi. Sitamsifu Mumford kupita kiasi. Zama zile za Gavana Cameron, Mwingereza alitaka kutawala kupitia machifu, na mtoto aliyefundishwa kubaki ndani ya kabila lake alimfaa. Wazazi waliliona hilo, wakadai watoto wao wafundishwe Kiingereza na hesabu kama wengine, na jaribio lile halikudumu. Hata hivyo wazee walioingia Malangali kufundisha ngoma hawakuwa vibaraka wa mtu. Walichukua nafasi waliyopewa wakaitumia kwa kazi yao wenyewe, na kwa hiyo ngoma ya Kihehe ina karibu miaka mia ndani ya shule. Kitu kilichokaa mahali karne nzima kimekwisha kuwa mwenyeji.

Na Mwalimu Nyerere aliijua thamani ya ngoma za kwetu. Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni, aliwauliza Watanganyika waliojua kucheza rumba na chachacha ni wangapi kati yao wanaozijua ngoma za kwao, na kiduo, tunachokicheza huku, kilikuwa miongoni mwa ngoma alizozitaja kwa jina. Serikali ikaunda kikundi cha taifa cha ngoma. Kilivunjwa, kazi yake ikaachiwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981. Bagamoyo kimefanya kazi nzuri na sina neno nacho, lakini chuo kimoja pwani hakiwezi kumfundisha mtoto wa Mufindi kiduo jioni ya Jumamosi. Hiyo ilikuwa kazi ya shule za bweni, na zilikuwa zikiifanya bila kulipwa.

Katika mahafali ya siku hizi, keki, majoho ya kukodi, na mshereheshaji anayeingiza watu kwa madoido ni mambo yaliyokuja juzi. Hayanisumbui.

Kinachonisumbua ni jioni. Kuanzia 2004, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, zilijengwa shule za kata kila mahali, na watoto ambao wangebaki nyumbani wakapata elimu. Ni jambo la heri na asije mtu akadai nalipinga. Lakini nyingi ni za kutwa. Mtoto anatoka saa tisa au saa kumi na mbele yake ana mwendo wa kilometa kadhaa, kupita mashamba ya chai au misitu ya misonobari ya Sao Hill, na mvua ikianza anafika nyumbani giza limeingia. Kikundi kitafanya mazoezi saa ngapi? Muda uliobaki umeliwa na masomo ya ziada, kwa kuwa mkuu wa shule anapimwa kwa matokeo ya Novemba na hakuna afisa anayemuuliza kama ana kikundi cha ngoma, isipokuwa pale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yanapokaribia na kwaya inahitajika kwa haraka.

Kwa hiyo mahafali yakifika, inakodiwa spika. Watoto wanacheza nyimbo za redio walizojifunza kwenye simu kwa wiki moja. Mwaka 2023, baada ya video ya wanafunzi wakicheza wimbo wa Bongo Fleva kusambaa, wizara ya elimu ilipiga marufuku shuleni nyimbo zisizo na maadili, na walimu wakaonywa. Wengi walishangilia. Mimi nilisubiri nisikie nini kitawekwa mahali pa wimbo ule, na sikusikia. Mtoto wa miaka kumi na sita atacheza tu. Usipomfundisha kiduo atacheza kinachopigwa sokoni, na kumwadhibu kwa hilo ni kumwonea.

Naomba niwasemee pia wasichana, kwa sababu kwao jambo hili lina uzito zaidi. Tanzania nzima inajua kwamba wanaotaka msichana wa kazi Dar es Salaam huulizia wa Iringa. Wanamsifia upole, uchapakazi na uaminifu, sifa ambazo mwajiri humpa mtu anayemlipa kidogo. Miongoni mwa wasichana niliocheza nao walikuwamo waliopanda basi la Dar es Salaam wiki chache baada ya mtihani, kabla hata matokeo hayajatoka. Aliyekuwa kiongozi wetu wa wimbo alikuwa mmoja wao. Sauti yake ilisikika kutoka uwanjani hadi barabara kuu bila kipaza sauti, na wazee walikuwa wakimwita kwa jina la bibi yake aliyekuwa mwimbaji kabla yake. Miaka mingi baadaye nilimkuta Sinza, huko huko Dar es Salaam, jikoni kwa watu. Tulisalimiana "kamwene" mlangoni kwa sauti ya chini maana mama mwenye nyumba alikuwa amelala. Nilimuuliza kama bado anaimba. Akasema mwanangu, nitaimbia nani humu, lakini wimbo wangu upo, nilimwachia fulani, naye ameshamwachia mwingine. Alikuwa anawajua wote waliopokea nafasi yake, mmoja baada ya mwingine, kwa majina na vijiji vyao, na aliwataja huku akichambua mchicha. Alikuwa na ukoo wake ndani ya kikundi kile, na mwajiri wake hakuwa na habari.

Ukoo huo ndio unaokatika tunapofuta onesho la mwisho au kulifupisha. Na mara nyingi linakatwa na ratiba tu, bila mtu kutaka ubaya. Zamani hotuba zilitangulia. Ngoma na igizo vikaja mwisho, wakati hakuna anayesubiriwa. Siku hizi vikundi huwekwa mwanzo, ili kuwaburudisha wazazi wakati mgeni rasmi yuko njiani. Anafika saa saba, gari linaingia uwanjani, mshereheshaji anasimamisha igizo Kalenga ikiwa bado inawaka, watoto wanakimbilia pembeni na majivu yao vichwani, wala hawaitwi tena. Kibuyu hakijafika kwa mtu. Njuga anajifungua kila mtu mwenyewe nyuma ya darasa.

Kamati za mahafali za mwaka huu zinakaa sasa. Wazazi wenzangu mliomo humo, ombi langu halina gharama hata ya shilingi: hotuba zianze, chakula kifuate, igizo na ngoma viwe mwisho, na wanafunzi wa kidato cha tatu waketi mbele, mahali ambapo siku hizi huwekwa viti vya plastiki vya wageni waalikwa. Mgeni rasmi akiwa na haraka ya kurudi mjini, aagwe kwa heshima zote, aende. Kikundi kiendelee.