Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wako wazazi wanaouliza, na swali lao ni la haki, mtoto wa miaka 16 ana kazi gani ng'ambo ya bahari. Kusoma? Shule ziko hapa. Cheti? Mwaka anaoukaa katika shule ya ugenini haumpi cheti cha Kidato cha Nne. Akirudi huanzia pale alipoachia, na wenzake wamekwisha kumtangulia. Fedha? Harudi nazo. Basi ya nini taabu yote hiyo? Twapenda leo kulijibu swali hili, na jibu letu litatufikisha Kilosa, mahali ambapo pengine msomaji hakutazamia kufika.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Mwaka 1972 vijana wa Tanzania na Zambia wapatao 200 walipelekwa Beijing kujifunza kazi ya reli. Waliporudi walikuta kazi inawangoja: Reli ya Uhuru, ile ambayo huko Kidatu hukutana na njia itokayo Kilosa kwa kupitia Mikumi (hukutana, lakini haziungani, kwa kuwa upana wake si mmoja). Vijana wale walitumwa kuchukua ujuzi, nao wakauchukua. Mtoto wa mpango wa kubadilishana wanafunzi hatumwi kuchukua ujuzi wowote. Hupelekwa kukaa katika nyumba ya watu asiowajua, ale chakula chao, asome shule moja na watoto wao, kisha arudi kwao. Kazi yake ndiyo hiyo tu.

Mpango wa namna hii unaojulikana sana kwetu ni ule wa Marekani uitwao Kennedy-Lugar Youth Exchange and Study, ambao ulipewa majina ya wajumbe wawili wa Seneti, Edward Kennedy na Richard Lugar. Ulianzishwa Oktoba 2002, mwaka mmoja tu baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, kwa ajili ya vijana wa miaka 15 hadi 17 kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Na vijana wa Tanzania, Bara na Visiwani, wamepata nafasi humo. Wenyeji wanaowapokea hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Tena kijana akimaliza mwaka wake sharti arudi kwao. Tusidanganyane: serikali ile haikutoa fedha kwa upendo mtupu. Ilikuwa imeshtuka, ikataka ijulikane vizuri zaidi na watu iliokuwa haiwajui. Lakini nia ya mtoa fedha ni jambo moja, na yale yampatayo mtoto katika nyumba ya watu ni jambo jingine.

Tumtazame mtoto wa Mikumi katika hali hiyo. Hufika mwezi wa Agosti, siku chache kabla shule hazijafunguliwa. Mama mwenyeji humwambia, kwa wema kabisa, amwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi unakataa. Kwao, kumwita mtu wa umri wa mama yake kwa jina ni matusi, na shikamoo yake aliyokuja nayo haina mtu wa kuipokea. Jioni yaletwa meza. Anakaribishwa chakula, naye, kama alivyofunzwa, anasema ameshiba, akingoja kukaribishwa mara ya pili na ya tatu. Marekani watu hukaribisha mara moja tu. Ukikataa, wanaamini umekataa. Mtoto analala na njaa ndani ya nyumba yenye chakula tele, na wenyeji wanalala wakidhani Waafrika hawali sana usiku.

Shuleni mambo yamegeuzwa. Mwalimu hukaa chumbani mwake, wanafunzi ndio wanaohama kila kengele ikilia. Fimbo hakuna. Watoto hubishana na mwalimu, na mwalimu hafadhaiki. Bali yule wetu aliyenyamaza kwa adabu ndiye anayeandikiwa kwamba labda hajaelewa somo. Kiingereza alichokisoma tangu shule ya msingi anakiandika vizuri kuliko baadhi yao, lakini kwa majuma kadha hasikii neno wanalolisema. Kisha huja lile swali maarufu: je, kwenu mnaishi na simba? Mtoto wa Dar es Salaam hukasirika akiulizwa hivyo, na ana haki. Lakini huyu wa Mikumi afanyeje? Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 iko mlangoni pake. Barabara kuu ya kwenda Iringa yaipasua kwa kilomita 50 hivi, na ndovu huivuka mbele ya mabasi. Hapana budi aseme ndiyo, tupo nao, kisha aanze kueleza na mengine: kwamba kuna kituo cha reli, na soko, na hospitali, na kwamba baba yake hajapata kumpiga simba mkuki hata siku moja.

Majuma ya kwanza ni ya ugeni, na mgeni husamehewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa ndipo mpango huu unapoanza kazi yake. Jembe la Marekani ni sinki la vyombo. Mvulana ambaye nyumbani kwao dada zake ndio waliokosha sahani, sasa anaona baba wa nyumba, mtu mzima mwenye gari mbili, amekunja mikono ya shati anasugua sufuria, na zamu ya kesho ni yake. Hufika Januari na theluji, jua linakuchwa mapema, Kilosa imewatangulia kwa saa 8, na akitaka kusema na mama yake kwa simu jioni, sharti amwamshe usiku wa manane. Kwa Mwislamu huja Ramadhani, naye peke yake katika shule nzima ndiye hali mchana. Hapo mtoto hujua kwamba kule kwao hakufunga peke yake. Mji mzima ulimsaidia kufunga.

Halafu huja kosa, kwani halikosekani. Mama mwenyeji anamkalisha mezani na kumwambia usoni pake lililomuudhi. Mtoto anaona amefukuzwa, maana kwetu neno kama hilo lingepelekwa kwa shangazi, lizungushwe, lipoe, ndipo limfikie. Kumbe hakufukuzwa. Neno limekwisha, na chakula kinaandaliwa. Siku hiyo amejifunza jambo ambalo vitabu vya darasani havina: kwamba ukali wa mtu mwingine waweza kuwa heshima yake. Na yule mama naye, akiwa ana macho, amejifunza kwamba ukimya wa mtoto huyu si kiburi. Toka siku ile gazeti likisema Waafrika wako hivi na hivi, ndani ya nyumba ile yuko mmoja wanayemjua, na habari ya gazeti yapimwa kwake.

Msomaji akitazama historia ya mipango hii ataona jambo moja la ajabu: huzaliwa baada ya damu. Chama cha Marekani kiitwacho AFS kilianza na madereva waliochukua majeruhi katika Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa, wakaifanya kazi hiyo tena katika ile ya pili. Nao ndio waliogeuka mwaka 1947 wakaanza kuwapeleka wanafunzi, 52 kutoka nchi 10. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mara tatu, 1870, 1914 na 1939. Januari 22, 1963 zilitia saini mapatano katika ikulu ya Élysée, na mwaka ule ule zikaunda ofisi ya kubadilishana vijana, ambayo tangu hapo imewapeleka mamilioni wakalale katika nyumba za majirani zao. Angalieni neno hilo, majirani. Hawakupelekwa kuvuka bahari. Walipelekwa kuvuka mto Rhine, kwenda kwa watu waliowaua babu zao.

Sasa twende Kilosa. Wilaya ile yajua ugeni tangu zamani. Reli ya Kati ilifika pale kabla ya vita ya 1914, na mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa yaliwakusanya manamba wa makabila mengi. Msagara, Mkaguru, Mvidunda na mtu wa kuja walikata katani pamoja. Hata hivyo Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na mapigano ya namna hiyo yamerudi tena wilayani humo baada ya hapo. Waliouana hawakuwa wageni kwa wageni. Walikuwa watu wa soko moja.

Tutaambiwa kwamba ule ni ugomvi wa ardhi na maji, wala hautibiwi kwa watoto kulala ugenini. Ni kweli kwamba mtoto hapimi mpaka. Mpaka wapimwe na wenye kazi yao, tena upesi, na mashamba yaliyokaa pori yagawiwe wanaoyahitaji. Lakini mgogoro wa kijiji cha Mabwegere ulifika hadi mahakamani, nasi tunajua hukumu husema ardhi ni ya nani. Haisemi pande mbili zitaamkiana vipi kisimani siku ya pili. Mtoto wa Parakuyo hajui mkulima anavyojisikia anapoamka alfajiri akakuta mahindi ya mwaka mzima yameliwa usiku. Mtoto wa Rudewa hajui maana ya ng'ombe katika boma, kwamba ndiye akiba, ndiye mahari, ndiye ada ya shule ya mtoto yule yule. Kila mmoja ameambiwa habari za mwenzake na wazazi waliojeruhiwa.

Zamani taifa hili lilikuwa na mpango wake wa kubadilishana wanafunzi, ingawa halikuuita hivyo. Kijana aliyefaulu Kilosa alipangiwa shule ya bweni Tabora au Songea, na wa Kilimanjaro akaletwa Morogoro. Walikula ugali wa sufuria moja miaka minne. Baada ya mwaka 2004 zilijengwa shule za kata kwa wingi, nasi hatuna neno baya juu yake, maana zimewafungulia mlango maelfu ambao wasingeingia sekondari kamwe. Lakini mtoto anayesoma kata yake hurudi jioni kwa watu wake wale wale. Tulipata nafasi za masomo, tukapoteza sufuria moja, na hatukuweka kitu mahali pake.

Kwa hiyo twasema: Halmashauri ya Kilosa, walimu, na viongozi wa matawi waanze kidogo. Watoto 10 wa vijiji vya wafugaji wakae katika nyumba za wakulima, na 10 wa wakulima wakae katika maboma, kwa likizo moja. Waende wawili wawili, wa kike kwa wa kike, katika nyumba zilizochaguliwa mbele ya kamati ya shule. Wamarekani huwa na msimamizi anayemwona mwanafunzi kila mwezi. Sisi kwa muda mfupi namna hii tungetaka mwalimu apite kila juma, na mzazi mwenye shaka aruhusiwe kupita siku yoyote. Gharama ni gunia la mahindi na nauli. Wazee watanung'unika, na wengine wana makaburi ya kuwanung'unisha, hao wasilazimishwe. Waanze walio tayari.

Wakati unaofaa ni likizo ya Juni. Mahindi ya masika yanavunwa, kwa hiyo mtoto wa boma ataingia shambani saa ile ambayo mkulima ana furaha na kitu cha kuonyesha. Na kiangazi hakijawa kikali, ng'ombe bado hawajasukumwa mbali kutafuta maji katika mbuga ya Mkata, hata mtoto wa mkulima atawakuta zizini, afunzwe kukamua.