FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Ukimwuliza mtu hapa Kisumu parokia ni nini, atakunyoshea kidole upande wa Kibuye na kusema, "Si lile kanisa pale?" Jengo ni zuri, sikatai. Lakini jengo haliwezi kujua kwamba mzee wa nyumba ya tatu hajafungua mlango tangu jana. Katika makala haya nitaeleza jinsi Kanisa Katoliki katika kanda yetu ya ziwa lilivyojirekebisha ili limfikie jirani, na kwa nini kazi hiyo haijaisha.

Hapo zamani padre mmoja alihudumia vijiji vingi mno. Waumini walimwona kwa nadra, na Jumapili walikaa benchi moja bila kujuana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, ukafundisha kwamba Kanisa ni watu wa Mungu wote, wala si mapadre peke yao. Haya, lakini jambo hilo lingetendwaje huku kwetu?

Jawabu moja lilitoka ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu Wajaluo wa Mara Kaskazini, nchini Tanzania. Katika miaka ya 1960 watafiti walichunguza kwa nini watu walikuwa wakivutwa na makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe. Wakaona kwamba huko waumini waliishi katika vikundi vidogo. Walijuana kwa majina, waliombeana, walisaidiana wakati wa maradhi na matanga. Basi mwaka 1966 vikundi vya namna hiyo vikaanzishwa katika parokia ya Nyarombo. Umeona, msomaji? Kanisa lilikubali kufunzwa na wale waliolihama! Mwaka 1973, na tena 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe ndizo msingi wa parokia.

Jumuiya hufanya kazi vipi? Nyumba kama kumi au kumi na tano za mtaa mmoja hukutana kila juma, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Husoma Injili, kisha huulizana: neno hili latudai nini hapa mtaani? Nani mgonjwa? Mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo? Jumuiya inayofuata lengo lake haiulizi kama mgonjwa ni Mkatoliki. Mtaani kwetu anaweza kuwa wa Legio Maria, Mwanglikana au Mwislamu. Njaa haina dhehebu, jamani.

Mfano mzuri uko hapa hapa Nyalenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Padre Hans Burgman, mmisionari wa Mill Hill kutoka Uholanzi, alishirikiana na wakazi kuanzisha kazi za kituo cha Pandipieri. Kituo hicho kikajulikana kwa kuwahudumia wagonjwa majumbani, kuwalea watoto wa mitaani, na hata kufundisha vijana uchoraji. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoishambulia Nyanza kuliko sehemu nyingine za Kenya, wagonjwa wengi walifichwa ndani kwa aibu. Muuguzi hangeweza kubisha kila mlango, lakini jirani aliujua mlango uliofungwa. Naam, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jambo hili lilidhihirika tena mwaka 2020. Mwezi wa Machi makanisa yalifungwa kwa ajili ya korona, na yalipofunguliwa Julai yaliruhusiwa watu mia moja tu kwa saa moja. Mwaka huo huo ziwa lilifura likaingia katika makao ya watu wa ufuoni. Parokia ambayo ni jengo tu ingefanya nini, na mlango una kufuli? Lakini jirani aliweza bado kupeleka unga na kuuliza hali.

Hata hivyo, nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ziko jumuiya zilizogeuka kuwa mahali pa kukusanyia michango. Namfahamu mama mmoja, mchuuzi wa omena, aliyeacha kuhudhuria kwa sababu jina lake lilisomwa hadharani kati ya wanaodaiwa. Sasa akiugua, nani atajua? Jumuiya iliyoundwa imtafute ndiyo iliyomfukuza. Tena angalia wanaohudhuria: akina mama watupu. Wanaume wako wapi? Na sisi vijana je? Wengi wetu twangojea kwaya na michezo tu.

Kwa maoni yangu, mchango usisomwe mbele ya watu, na kila mkutano uanze kwa kutaja nani hajaonekana juma hilo. Vijana nasi tupewe kazi: kuchotea wazee maji, kuwasindikiza wagonjwa zahanati, kuwafundisha wadogo hesabu jioni. Kazi hizo hazihitaji harambee. Ni miguu tu, na kujua jina la jirani.